Nani Atamlipa Mwalimu Mwezi wa Pili?

Watu wanaonijia na wazo la kuanzisha shule huja na mchoro. Madarasa sita, ofisi ya direkta (mwalimu mkuu), vyoo nyuma, mlingoti wa bendera katikati. Kuna aliyekuja na rangi ya kuta ameshaichagua. Huwa nautazama mchoro kwa adabu, namrudishia mwenyewe, kisha namuuliza: mwalimu wako wa darasa la kwanza atalipwa na nani mwezi wa pili? Wengi hunyamaza. Mmoja alikasirika, akasema sisi wazee hatutaki vijana waendelee.

Nina sababu ya kuutaja mwezi huo. Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, Februari ndipo unga unapokuwa ghali. Mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha, ya mwaka huu bado mabichi shambani, na yale yanayovuka mpaka kutoka Zambia yanafika yakiwa na bei ya kutisha. Mvua imewasimamisha wafyatua matofali na inawasumbua wachoma makala, yaani makaa. Mzazi aliyelipa minervali, yaani ada ya shule, mwezi wa tisa huku akicheka, sasa akikuona sokoni anapinda njia. Zamani nilipokuwa mkaguzi, nilizoea kuona shule ndogo za pembeni ya mji zikifunguliwa Septemba kwa nyimbo na biskuti, nikirudi Machi nakuta kufuli. Walimu walikuwa wazuri tu, na watoto walikuwapo, wanacheza nje ya lango. Njaa ilikuwa imepita hapo katikati.

Chuoni hakuna aliyetufundisha kuuliza swali hilo. Kwangu lilianzia kambini, kwenye makazi ya wafanyakazi wa shaba.

Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, chini ya lile bomba refu la moshi ambalo kila mgeni wa Lubumbashi hulipiga picha. Union Minière ya Wabelgiji, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa imetaifishwa na Mobutu mwaka 1967 na baadaye ikawa Gécamines. Sisi watoto tuliita Kampuni, basi. Shule ilikuwa ya Kampuni, zahanati ya Kampuni, nyumba ya Kampuni. Kila mtoto alikuwa na kitabu chake cha kusoma, jambo ambalo sijaliona tena kwa macho yangu katika shule ya watu wa kawaida. Lakini kuliko vitabu ninakumbuka mposho. Siku ya mgawo akina mama wanapanga mstari na mifuko, unga wa mahindi unapimwa, na maharagwe, na samaki wakavu. Mwalimu wetu aliishi kambini pia, na mke wake alisimama kwenye mstari uleule na mama yangu. Mwalimu yule hakuwahi kuingia darasani akiwa hajui watoto wake watakula nini jioni. Sisi tulisema ni mpole kwa asili. Nilipokuwa mwalimu mwenyewe ndipo nilipoelewa upole ule ulikuwa unapikwa wapi.

Sitaki kuipamba shule ile. Ilimlea mtoto wa mfanyakazi ili naye awe mfanyakazi, na mtoto ambaye baba yake hakuwa kwenye orodha ya Kampuni hakuwa na dawati. Nilikuwa na rafiki wa kucheza naye mpira upande wa Kenya (wageni wa Lubumbashi: Kenya ni komine ya hapa mjini, msihangaike na pasipoti). Jioni tulikuwa timu moja, asubuhi kila mtu na njia yake.

Nikiwa bado shule ya msingi Serikali ilizichukua shule za makanisa. Misalaba ilishushwa ukutani, somo la dini likageuzwa kuwa siasa. Mwaka 1977 ukatiwa sahihi mkataba wa kuzirudisha: kanisa lisimamie, Serikali ilipe walimu. Mpango huo uko hadi leo, na sehemu kubwa ya shule tunazoziita za umma nchini Kongo zinaendeshwa hivyo. Ni mpango mzuri mradi yule anayelipa analipa.

Nilisomea ualimu ISP, chuo cha walimu cha hapa Lubumbashi, nikaanza kazi katikati ya miaka ya 1980 katika shule moja ya Katuba. Mshahara wa kwanza ulinunua mfuko wa unga na jozi ya viatu, na mama nikampa chochote. Baada ya miaka michache mshahara uleule, uliokwisha ongezwa sifuri nyingi, haukufikisha mfuko mmoja. Fedha ya zaire ilikuwa inaanguka, na mji wenyewe ulikuwa unakauka. Mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka mwaka 1990. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa haifikishi tani 50,000. Lubumbashi hakuna anayeishi nje ya shaba, hata muuza nyanya.

Walimu tuligoma, nchi nzima. Shule zilipofunguliwa tena, zilifunguliwa kwa utaratibu mpya: mzazi amlipe mwalimu. Tuliambiwa ni kwa muda mfupi, mpaka Serikali ijipange. Muda huo mfupi ulipita robo karne.

Kijana aliyezaliwa juzi hajui zile asubuhi, kwa hiyo nitazieleza. Watoto wamejipanga mbele ya bendera, sare za bluu na nyeupe, wameimba. Kisha badala ya kuingia darasani wanabaki wamesimama, kwa sababu direkta ana karatasi mkononi. Anasoma majina. Mwenye kusikia jina lake anatoka mstarini, anachukua mfuko wake, anaelekea langoni. Hakuna fimbo wala matusi. Walikuwa wanaondoka kwa adabu kabisa, wakubwa wakiwashika wadogo mkono. Mimi darasani nabaki na watoto ishirini kati ya arobaini na tano, na somo ni sehemu, nusu na robo. Nafundisha. Ijumaa wale wengine wanarudi, wamelipa, na darasa limeshafika kwenye desimali. Nirudie sehemu? Wale waliolipa mapema wanachoka. Nisonge mbele? Wale waliofukuzwa wamepotea hadi mwisho wa mwaka. Hakuna mbinu ya kufundishia inayotibu jambo hilo, na nimesoma nyingi.

Jioni moja, soko la Kenya, nilinunua karanga za kukaanga kwa kijana wangu wa darasa la tano. Alikuwa amefukuzwa Jumatatu. Alinipimia vizuri, akaongeza kidogo juu kwa heshima, akasema, "Mwalimu, mama anasema Alhamisi nitarudia." Nikatembea kuelekea nyumbani nikitafuna, na hesabu ikajipanga yenyewe kichwani: pesa niliyompa itakwenda kwa mama yake, mama ataipeleka shuleni, shule itaitia kwenye bahasha yangu mwisho wa mwezi. Nilikuwa ninajilipa mshahara kwa karanga.

Nilipokuwa direkta niliona upande wa pili wa bahasha. Pesa ya mzazi haikuwa inaishia kwa mwalimu. Sehemu yake ilipanda ngazi, ofisi hii asilimia yake, ofisi ile asilimia yake, na kila ngazi ilikuwa na karatasi yenye mhuri. Mzazi hakuwa akiziona karatasi hizo. Yeye alimwona mwalimu, na alipochoka alimchukia mwalimu. Ukaguzi nao niliufanya kwa miaka kadhaa. Nilitembea sana, niliandika ripoti nyingi, na sina hakika kama kuna iliyosomwa. Faida yake ni kwamba niliingia katika shule nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na nikaanza kutambua kwa harufu shule itakayofika Juni na ile isiyofika.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari na kulipwa kiinua mgongo. Yaya wangu, kaka mkubwa, alikuwa mmoja wao. Alinunua teksi-basi na kiwanja Kalebuka, pembeni ya mji, wakati huo bado ni majani na njia za baiskeli. Teksi-basi ilikufa kama zilivyokufa teksi-basi zote za wastaafu. Kiwanja kikabaki, ila nusu yake ilikuwa imekaliwa na kichuguu kirefu kuliko nyumba. Yaya alikuwa akikiangalia kama mtu anayemwangalia mgeni asiyeaga.

Kalebuka ikajaa watu haraka. Waliohama mjini kwa sababu ya kodi, waliotoka vijijini, wachimbaji na familia zao. Shule ya umma ilikuwa mbali kwa mtoto wa miaka sita, na njiani kuna barabara ya malori. Akina mama wa mtaa walikuwa wameshaanza kuwakusanya watoto kwenye ukumbi wa kanisa moja dogo, msichana mmoja mwenye diploma akiwafundisha kusoma. Walimlipa kwa walichonacho. Waliniita nije kuwasaidia "kupanga". Hivyo ndivyo ilivyoanza, mwaka 2011. Ukweli ni kwamba shule niliikuta; watu wanaponiita mwanzilishi ninanyamaza kwa sababu kueleza ni kurefu.

Yaya alikubali kutoa nusu ya kiwanja, ile ya kichuguu, kwa masharti kwamba kichuguu kiondoke. Alidhani ametupa mzigo. Wanaojua Katanga, eneo letu hili, wanajua kwamba alitupa matofali.

Mchwa wanapandisha juu udongo laini kutoka chini sana, chembe kwa chembe, wameshauchekecha kuliko mashine. Udongo huo hauhitaji kuchanganywa na kitu. Mvua ilipokatika tulianza: wanaume walichimba kwa mtaimbo na sululu, udongo ukamwagwa katika shimo, akina mama wakaleta maji kwa bidoni, ukalala umelowa usiku kucha. Asubuhi unakanyagwa kwa miguu mpaka usishike tena kidoleni. Kibao cha kufyatulia kinabeba matofali mawili. Kila mara unakichovya majini, unanyunyiza mchanga, unajaza, unakata juu kwa ubao, unapindua. Ukipindua kwa woga, tofali linavunjika pembe. Fundi wetu, baba wa watoto wanne waliokuwa wakisoma ukumbini, alikuwa anapindua huku anaongea mambo mengine kabisa. Matofali mabichi yanafunikwa majani ili jua lisiyapasue. Yakikauka yanapangwa tanuri, midomo ya moto imeachwa chini, tanuri lote linapakwa tope nje, na kuni zinawaka siku mbili, tatu, watu wakipokezana usiku. Likishapoa, yale ya nje yanabaki yamefifia, ya ndani ni mekundu, ukiligonga moja kwa jingine linalia. Yanayolia tulijengea kuta. Yaliyofifia yalikwenda ndani ya sakafu. Ziada tuliuza, ndipo mabati yakapatikana.

Mama aliyepanga kuni alikuwa muuza makala. Alijua bei ya kila gari linalotoka msituni na alijua dereva gani anapunguza mzigo njiani. Nilimwekea alama kichwani.

Kabla ukuta haujafika madirishani Yaya aliniita pembeni.

"Mudogo, unajenga nyumba ya bantu?"

"Ya watu, Yaya, ndiyo."

"Na batoto bako batakula nini?"

Lilikuwa swali la haki. Mjini hapa shule binafsi ina promotere wake, yaani mwenye mali, na promotere akifa watoto wake wanagawana madarasa kama wanavyogawana viti vya sebuleni. Nimeshuhudia darasa la nne likigeuzwa kuwa duka la vinywaji katikati ya mwaka. Kwa hiyo tuliandikisha chama cha wazazi kisicho cha faida, kwa sheria ya Julai 2001 inayohusu vyama hivyo, na kiwanja kikaandikwa kwa jina la chama. Mimi ni mwanachama, nina kura moja. Yaya alitia sahihi huku akitikisa kichwa.

Halafu tukarudi kwenye mwezi wa pili. Nilikuwa nimewapangia wazazi minervali ya franga 3,000 kwa mwezi, kwa kila mtoto, na nilijua kwamba wangelipa hadi Desemba. Katika mkutano wa kwanza nikawaeleza habari ya mposho wa baba yangu. Nikapendekeza: wenye mashamba, na Kalebuka wengi wana shamba mahali fulani nje ya mji, walete mahindi wakati wa mavuno, Aprili na Mei, yapimwe, yahesabiwe kama minervali ya mwaka unaofuata kwa bei tutakayokubaliana. Yawekwe depo, ghala la shule. Kuanzia Januari mwalimu apokee sehemu ya mshahara kwa pesa na sehemu kwa mfuko.

Wazazi walizungumza muda mrefu. Mwisho yule mama wa makala akasimama.

"Papa Mwalimu, mahindi tutaleta. Lakini ufunguo utabakia na nani?"

Sikuwa na jibu bora kuliko kumpa yeye. Tukaweka kufuli mbili: ufunguo mmoja wake, mwingine wa mwalimu anayechaguliwa na wenzake. Direkta hana. Nimeona vyama vingi, miradi mingi yenye wafadhili na magari meupe, na ninaamini swali la mama yule lingeokoa nusu yake.

Depo ilitufundisha mambo yake. Fukusi walikula sehemu ya mahindi msimu wa kwanza, kwa sababu yaliingia yakiwa bado na unyevu. Sasa mama hakubali mfuko bila kuuma punje: ikipasuka kwa kishindo inaingia, ikilegea inarudi kuanikwa. Mifuko inakaa juu ya mbao, mbali na ukuta, na majivu yaliyochekechwa yanachanganywa humo.

Wasio na shamba walilipa kwa majira ya kazi yao. Mfyatua matofali ana pesa wakati wa kiangazi, hana wakati wa mvua. Alipe mwaka mzima kuanzia Juni hadi Oktoba. Muuza sokoni ana kidogo kila siku. Alete kila Jumamosi. Mchimbaji hana kitu miezi mitatu, kisha siku moja ana kila kitu; huyo lazima umwahi siku hiyohiyo. Jambo hili linaonekana dogo na wahasibu hawalipendi, maana daftari linakuwa na kalenda nyingi kama kuna nyumba nyingi. Lakini ndilo lililofuta karatasi ya majina mbele ya bendera. Kwetu mtoto hatolewi mstarini. Familia ikichelewa, wanaokwenda nyumbani ni wazazi wenzao wawili, si direkta, wala mtoto haambiwi. Wapo waliotutumia. Kuna baba mwenye gari aliyesomesha wawili mwaka mzima kwa ahadi, akahamia mtaa mwingine Juni. Tulimsamehe kwa kuwa hatukuwa na njia nyingine.

Kila mwisho wa mwezi daftari linasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, kila kilichoingia na kilichotoka. Walimu ndio waliopinga. Mshahara ni siri ya mtu, walisema, hata wake zao hawaujui. Ilinibidi nianze na wangu. Tulipofika kwa mwalimu wa darasa la pili, muuza makala akacheka kwa mshangao: "Kumbe sisi njo tunakupita!" Hakusema kwa kejeli. Mwezi uliofuata wazazi wenyewe walileta pendekezo la kuongeza franga 500, jambo ambalo mimi ningeliomba kwa miaka bila kulipata.

Habari za karatasi, vibali, ukaguzi na agreman, yaani idhini ya wizara, nitaziruka. Zilichukua miaka, na katika miaka hiyo watoto wetu wa darasa la sita walifanya mtihani wa mwisho chini ya jina la shule jirani iliyokwisha kupata kibali. Walifaulu kwa jina la watu.

Septemba 2019 Rais Tshisekedi alitangaza masomo ya bure katika shule za msingi za umma. Katiba ya 2006, ibara ya 43, ilikuwa imeshasema hivyo tangu zamani. Sasa ilikuwa inatekelezwa. Wenzangu wengi wenye shule walilalamika. Mimi nilifurahi, na nilifurahi huku darasa langu la tatu likibaki nusu. Baada ya kusimama miaka yote ile mbele ya bendera nikisikiliza majina, ningewezaje kumwambia mzazi asiende pasipo na karatasi? Katika mkutano niliwaambia: anayeweza kumfikisha mtoto shule ya bure salama, ampeleke, na mahindi yake yaliyobaki depo atarudishiwa. Walipimiwa wakarudishiwa, mbele ya wote.

Walimu wetu wawili waliondoka pia, wakitumaini kuingia kwenye orodha ya malipo ya Serikali. Sikuwalaumu. Mmoja ameingia. Mwingine alifundisha kwa muda mrefu akiwa mwalimu mpya asiyelipwa, huku mzazi akikatazwa kumpa kitu, maana elimu ni ya bure. Hapo ndipo sheria nzuri ilipokutana na lile swali langu la zamani. Serikali iliwafungulia watoto mlango, lakini madarasa hayakuongezeka usiku mmoja, wala majina kwenye orodha ya malipo.

Kabla Krismasi watoto walianza kurudi. Mama mmoja alinieleza bila hasira: darasani walikuwa zaidi ya mia, wake alikuwa anakaa sakafuni nyuma, na mwalimu hakuwahi kulijua jina lake. Wengine walibaki kule, wanaendelea vizuri. Waliorudi wengi walikuwa wa madarasa ya chini, wale wanaojifunza kusoma, na nadhani wazazi walipima sawasawa: mtoto anayejua kusoma anaweza kuvumilia umati, anayejifunza herufi hawezi.

Kisha Machi 2020 korona ikafunga shule zote nchini. Walimu wa shule za binafsi mjini walibaki bila franga hata moja. Niliwaona wakiuza muda wa simu na mikate. Kwetu pesa ilikatika vilevile, kwa sababu wauza sokoni walikuwa wamekwama. Lakini ilikuwa Aprili, kisha Mei, na wazazi walileta mahindi kwa shule iliyofungwa. Mama wa makala alikaa mlangoni pa depo akiuma punje kama kawaida, barakoa imeshushwa kidevuni.

Mwaka juzi nilipendekeza shule iingie chini ya usimamizi wa mtandao wa shule za kanisa, ili walimu waombewe nafasi kwenye malipo ya Serikali. Nilidhani ni njia ya busara: mimi nazeeka, na haki ya mtoto wa Kalebuka kusomeshwa na nchi yake ni ileile ya mtoto wa mjini. Nilizungumza vizuri, nadhani. Wazazi walisikiliza, wakauliza kiwanja kitakuwa cha nani na depo itakuwa ya nani, wakapiga kura, nikashindwa vibaya. Walikubali jambo moja tu: barua ya kuomba Serikali iwalipe walimu, shule ibaki ya chama. Barua iliondoka. Majibu tunayangoja.

Udirekta nimemwachia mwalimu wetu wa zamani wa darasa la sita, yule msichana wa diploma aliyekuwa akifundisha ukumbini. Sasa ni mama wa watu na ana ukali ambao mimi sikuwa nao. Mimi nimebaki na hesabu za darasa la nne. Wazazi wanataka tufungue darasa la saba na la nane. Yeye anaunga mkono, mimi ninapinga: sayansi ya darasa la saba inataka walimu wawili zaidi, na kwa mahesabu yangu depo haiwezi kuwabeba walimu hao kabla ya mavuno mawili mazuri kupita. Yeye anasema ninahesabu kama mkaguzi. Mkutano umepangwa baada ya mtihani wa darasa la sita, na muuza makala hajasema yuko upande gani.